Beseni la Maji ya Mvua

Mimi Amoni, fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji chetu, karibu na Isansa, ndiye niliyeizima sauti ya Mika. Sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka ule wa vita, sabini na tisa, betri za redio hazikupatikana madukani hata kwa dawa. Redio ya ofisi ya kijiji tukaiunga kwenye betri kuukuu ya gari, nami nikawa naichaji kwa mashine. Basi nikajiona bwana mkubwa. Hamis, fundi wa malori kule Tunduma, alinifundisha jambo moja, akalirudia mpaka akanichosha: betri ikikauka, kilichopotea ni maji tu, asidi imebaki humo humo. Ongeza maji ya mvua yaliyokingwa peupe, si ya kwenye bati, na asidi usiiguse.

Mwezi wa tatu Mika, mtoto wa pekee wa Mama Ketrina, aliandika kutoka vitani kwamba wamemrekodi akitoa salamu, nazo zitatangazwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Barua nilimsomea mama yake mimi.

"Sauti yake mwenyewe?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa hajaisikia mwaka mzima.

Kesho yake mvua ikanyesha. Mama Ketrina akaweka beseni katikati ya uwanja, akasimama hapo akilowa, akifukuza kuku, kisha akaniletea maji yale kwa ajili ya betri. Nikamshukuru. Alipoondoka nikayamwaga nyuma ya mashine. Nilikuwa na chupa ya asidi, na ujuaji wangu ukanituma kwamba maji yataizimua betri, asidi ndiyo itaipa nguvu. Kweli, wiki mbili redio ilinguruma, watu wakanisifu, kichwa kikavimba. Kumbe asidi ile kali ilikuwa inazila sahani za ndani.

Alhamisi ile kijiji kizima kilijaa ofisini. Mama Ketrina alikaa mbele kabisa, amevaa gauni lake la kanisani. Mtangazaji akalitaja jina la Mika. Tukasikia, "Mama, mimi..." kisha sauti ikazama, ikakoroma, ikakatika. Nilishika nyaya, nikaipiga-piga redio, wapi. Nilipoifungua betri, maji yake yalikuwa kahawia kama chai ya rangi.

Mwezi wa tano zikaja habari kwamba Mika amezikwa huko huko.

Matanga yalipokwisha, mama yake alinifuata mashineni.

"Amoni mwanangu," alisema, "maji yangu yalikuwa machafu, eti?"

Nikainama, nikajifanya nakaza mkanda wa mashine. Niliona aibu, na aibu ikanishinda.

Aliishi miaka sita zaidi. Kila mvua za kwanza zilipoanza aliniletea beseni, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, akaniambia, "Haya nimeyachuja mara mbili."

Nami niliyapokea kwa mikono miwili.