Masuke Kumi kwa Fundo

Mtunza bustani alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi mtaalamu wa nyasi. Mtu kakufyekea miaka mitatu ya kazi, kisha anasimama na fyekeo mkononi akingoja asante!

"Niliona lile beseni limeota majani ovyo, mama. Na wageni wanakuja. Nikasafisha."

"Masuke yako wapi?"

"Nimechoma yote."

Lo! Akashika kiuno. Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba nyasi ile haikubali kuishi ila pale maji yanapojaa masika na kupungua kiangazi? Kwamba alibeba tope la bondeni kwa ndoo, mgongo ukamuuma wiki nzima, ili kishina kile kitoe maua? Kule bondeni kwenyewe ng'ombe walishapita wakala kila suke. Na bila suke nyasi haithibitishwi jina, na bila jina la nyasi adimu ya kulindwa, kikao cha kesho kingeruhusu bonde lifukiwe kwa kifusi, paegeshwe magari.

"Majani si yapo, mkuu?" alimbembeleza mkuu wake wa kazi.

"Bila suke kwenye bua lake sigongi muhuri. Hata ungekuwa mwanangu."

Akarudi nyumbani amefura. Dada yake mkubwa, aliyekuwa anapiga pasi, akaipokea habari kwa kicheko. "Mwanamke mzima unalilia majani! Mama alikusomesha bure."

"Niache, dada. Usinitie wazimu."

Akajitupa kwenye kitanda cha dada, akaulalia mto wa marehemu mama yao, ule waliougombania hadi wakanuniana mwezi mzima. Kitu kikamchoma shavuni, ndiyo kawaida ya mto ule. Akakivuta kwa hasira. Kilikuwa suke.

Akaketi. Akatia kidole kwenye tundu, akachungulia, akalipapasa fundo zima. Mama yao hakuwa mtu wa kuhangaika na kamba: kila masuke kumi aliyafunga kwa jani lao lenyewe, yakiwa bado kwenye mabua, yasipukutike. Na pale jani lilipoungana na bua palikuwa na vinyweleo vyekundu, vilevile alivyovizoea.

"Dada, mama alichuma wapi haya?"

"Wapi tena? Si bondeni huko! Mimi nabeba gunia, wewe unajifanya unasoma." Kisha dada akaona jinsi anavyoutazama mshono. "Thubutu! Huo mto hauguswi."

"Nataka fundo moja tu, dada. Halitoki mpaka tufumue."

"Nimesema hauguswi. Hiyo ni mishono ya mama. Nimebakiwa na nini kingine?"

"Na bonde likifukiwa je?"

Dada akasonya. Akazima pasi. Akazunguka chumbani akibamiza kabati hili na lile, kumbe anatafuta wembe. Akafumua mwenyewe, polepole, akiuviringisha uzi kidoleni kisipotee hata kipande, huku akiwalaani mtunza bustani, ng'ombe na mdogo wake, wote kwa mpigo mmoja.

Asubuhi mkuu aliinamia lenzi nusu saa nzima, mpaka mtaalamu akatamani kumtikisa. "Ndiyo yenyewe," alisema hatimaye, akagonga muhuri. Akavuta karatasi ya lebo. "Mkusanyaji nakuandika wewe?"

"Mama yangu."

"Si alishafariki?"

"Alishafariki. Kazi ameifanya."

"Lakini utaratibu wetu..."

"Mkuu, andika mama! Nimechoka!" Machozi yakamtoka palepale mbele ya bosi, na wala hakuyafuta. Mkuu akaandika.

Kikao kilipoisha alimkuta dada nje ya lango, mto umesinyaa kwapani.

"Haya, sema."

"Hawafukii."

Dada akashusha pumzi, kisha akakunja uso kama aliyekumbuka kwamba amekasirika. "Basi mwakani tunakwenda wote bondeni, kabla ya hao ng'ombe. Mto wangu unaujaza. Na kufunga fundo nitakufundisha, maana na kusoma kwako kote hujui."