Nafasi ya Sauti Tatu

Mwaka wa 2004, Emmy alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kitale, na jioni zake nyingi ziliishia mbele ya kompyuta kuukuu aliyoipata kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Ungeiwasha, uende ukame ng'ombe, urudi ukute bado inajikusanya.

Ndani ya kompyuta hiyo aliweka sauti za wanawake watatu. Wa kwanza ni mama yake, Nangila, aliyeishi naye. Wa pili ni Sellah wa Tongaren, dada mkubwa wa mama. Wa tatu ni Rispah, kitinda mimba wao, aliyeolewa Bungoma mjini. Walipokuwa wasichana waliimba pamoja wimbo wa kupukuchua mahindi uliotungwa na mama yao, na majirani walikuwa wakiacha kazi zao kuja kusimama kwenye ua.

Kisha mama yao akafa. Sellah akataka azikwe Tongaren, kwenye shamba alilolihangaikia. Rispah akataka arudishwe alikozaliwa. Nangila hakusema neno, na wote wawili wakamlaumu kwa kutosema. Nyanya akazikwa Tongaren. Rispah hakuhudhuria. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mmoja, dada hao hawakukaa tena chini ya paa moja.

Emmy aliupenda wimbo huo kabla hata ya kuusikia wote. Basi likizo moja alichukua redio yake ya kaseti, akamwendea kila mmoja kwa wakati wake. Kila mmoja alidai beseni na mahindi ya kupukuchua, kwa maana bila mahindi mkononi hakuna aliyeyakumbuka maneno.

Kaseti zilimsikitisha. Mama aliimba mistari miwili akanyamaza, punje zikasikika zikianguka, kisha akashika mahali pengine kabisa. Mama Sellah vilevile. Mama Rispah ndiye alinyamaza zaidi ya wote. Emmy akaona wamezeeka, wimbo unawaponyoka.

Hata hivyo alitaka kuziunganisha. Akaziingiza kaseti kwenye kompyuta kwa waya, moja baada ya nyingine. Sauti moja ilicheza vizuri. Mbili zilicheza zikikwamakwama. Alipoongeza ya tatu, skrini iliganda, kisha yakaja maneno kwamba diski imejaa. Akafuta mitihani ya miaka mitatu. Ikajaa tena.

"Hii ni ya kufugia kuku, Mwalimu," fundi mmoja wa Kitale alimwambia. "Nunua ingine."

Hakuwa na ya kununua ingine. Mwenzake shuleni akamwelekeza kwa Naim, fundi wa Bungoma mwenye duka karibu na msikiti, aliyeanza na redio za betri kabla kompyuta hazijafika mji ule.

Jirani yake, Kimaiyo, alikuwa akipeleka kabeji Bungoma kwa pikapu. Waliondoka Jumamosi alfajiri, kompyuta ikiwa imefungwa kwenye blanketi mapajani mwa Emmy. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na mahindi yalichomoza vichwa tu, kama watu wanaovuka mto taratibu. Kimaiyo hakuwa mtu wa maneno. Emmy akasinzia, akaamka, akasinzia, na kila alipofumbua macho hakujua kama wamepita Kamukuywa au bado. Aliota ameshika mtoto ndani ya blanketi.

Naim alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akainama kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Haina ugonjwa, Mwalimu," alisema. "Imejaa tu. Unajua, ikifanya kazi, inahitaji meza ya kutandaza vitu. Hiyo ndio memori. Yake ni kameza ka kuweka kikombe kimoja. Na diski ndio stoo. Stoo nayo imejaa mpaka mlangoni."

"Sasa utafanyaje?"

"Meza kubwa, stoo kubwa. Nina memori nilizotoa kwa mashine za saibakafe moja. Na diski ya gigabaiti ishirini. Kubwa zaidi ya hapo, mashine hii kuukuu inaweza kataa kuitambua."

"Na sauti zangu zisipotee, bana."

"Kwanza nanakili. Diski ya zamani utaenda nayo nyumbani, siigusi."

Kunakili kulichukua muda mrefu. Adhuhuri Naim alienda kuswali, akamwacha Emmy peke yake akiutazama mstari wa bluu ukijongea kwenye skrini. Feni ilinguruma polepole. Mwanga wa mlangoni ulihama kutoka sakafuni hadi ukutani, na Emmy alihisi kana kwamba wanawake wale watatu wanahama nyumba usiku bila kuaga, wakibeba mabeseni yao vichwani.

Naim aliporudi alipachika vipande viwili vya memori. Akawasha. Mashine ikapiga mlio mkali, skrini ikabaki nyeusi.

Emmy akainuka. "Imekufa?"

"Ngoja kwanza." Akavichomoa, akachukua kifutio cha shule, akasugua meno ya shaba hadi yakang'aa, akavirudisha. Safari hii mashine ilianza kuihesabu memori yake, tarakimu nyeupe zikipanda kwenye skrini, sitini, mia, mia mbili, zikipanda bila kusita, na Emmy akajikuta akizihesabu kwa sauti.

Walipozifungua sauti, zote tatu zilicheza, lakini ziligongana. Naim akavuta kiti. Alikata, akasogeza, akarudia. Wakatafuta neno la kwanza la kila mmoja na kulipanga na la mwenzake. Kisha akabonyeza, akakunja mikono.

Mama akaimba mistari yake miwili, akanyamaza. Hapo hapo Mama Sellah akaingia kutoka chini. Aliponyamaza yeye, Mama Rispah akapanda juu yao kwa sauti nyembamba, akaondoka. Hapakuwa na pengo hata moja. Hawakuwa wamesahau kitu. Kila mmoja, peke yake jikoni mwake, alikuwa amewangoja wenzake wamalize.

Emmy alilia palepale dukani. Naim akavua miwani, akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na uchafu. "Nikunakilie kwa kaseti mbili," alisema. "Hawa watu wasikie."

Kaseti moja aliiacha kwa Mama Rispah, aliyeipokea bila kuuliza ni ya nini. Nyumbani, Emmy alimkalisha mama yake mbele ya kompyuta. Nangila alisikiliza akiwa amefumba macho, vidole vikitembea mapajani kama vinapukuchua.

"Rudia," alisema. Wakarudia mara nne.

"Sellah amepata kifua," alisema mwishowe. "Haumwambii anywe dawa?"

"Si ni wewe dadake? Mwambie."

Jumamosi iliyofuata walifika Tongaren na kaseti ya pili. Mama Sellah aliwakuta langoni, akamwambia Nangila, "Umekonda. Huko Kitale hamli?" Akamshika mkono. Hawakuyataja ya zamani siku hiyo. Walikaa jikoni hadi jioni, na Emmy aliyekaa nje alisikia mara mazungumzo, mara kicheko, mara kilio.

Rispah hakuja mwaka ule. Alikuja Tongaren Mei iliyofuata, Nangila akiwa huko kumsaidia Sellah palizi, mahindi yakiwa magotini, mvua ikimnyeshea, viatu amevishika mkononi. Hakuketi. Aliuliza tu mama yao amelala wapi, kwa sababu kaburi lenyewe hakuwahi kuliona. Dada zake wakamshika huku na huku, wakampeleka katikati ya mistari ya mahindi.