Bibi Naetwe Ashuka Ukutani

Usiku wa jana Bibi Naetwe aliota yuko ukutani, ndani ya fremu.

Hakushangaa sana. Mchana wa siku hiyo Gervas, mpiga picha, alikuwa amepanda milima ya Upare kutafuta wazee wanaoishi peke yao. Akamkuta bibi na gauni la jikoni, akamkataza kubadili. "Hivyo hivyo, bibi. Halafu usicheke. Kesho asubuhi narudi tupige." Bibi alilala akinung'unika. Apigwe picha na gauni la jikoni, yeye, mwenye nyumba yake na ng'ombe wake?

Basi yuko ukutani, kwenye ukumbi wa sakafu inayong'aa. Chini yake pana kibao kilichoandikwa UPWEKE. Watu wenye miwani wanapita wakitikisa vichwa.

"Maskini," wanasema.

"Maskini nani?" anauliza bibi. Hawamsikii.

"Makunyanzi, ongezeni huzuni!" anaamuru Gervas.

Kunyanzi la shavuni linakohoa. "Samahani, mwanangu. Mimi nilitokana na kicheko, siku mume wa bibi alipoteleza mtoni na mbuzi wa mahari mabegani."

"Hata sisi," yanadakia ya pembeni mwa macho. "Mwenye huzuni ni yule mmoja wa kwenye paji, naye leo kapumzika."

Gervas anaitazama kamera yake.

"Mimi napiga kilichopo," kamera inamwambia.

Bibi anavusha mguu, anashuka. Sakafu imekwisha kuwa ua wa kwake, na sanduku lake la bati linakuja mbio.

"Kitenge cha Pasaka au cha harusi ya mwanao Nambike?" linauliza.

"Cha harusi. Na kilemba chake."

Anavaa bila haraka; uso ni wake, si wa Gervas. Anaking'oa kile kibao cha UPWEKE, anawatupia kuku wakidonoe. Kisha anarudi kwenye fremu, anakaa wima, mikono magotini.

"Andikeni NAETWE, binti Mrutu."

Wenye miwani wanavua miwani. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Gervas, sasa piga."

Anacheka kwa raha mpaka ukuta unatikisika, na kicheko ndicho kilichomwamsha. Alipojikuna shingo, akashika uzi wa kutundikia picha, umefungwa nyuma ya gauni lake la kulalia, fundo bado limekaza.

"Hodi, bibi! Shikamoo!" Gervas aliita mlangoni. "Toka hivyo hivyo, mwanga ni mzuri!"

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo nje unisubiri," akajibu bibi. "Navaa."