Kadi ya Namba Kumi na Saba

Kalamu ya wino iligoma tena. Mhudumu wa chumba cha maiti aliipuliza ncha, akaisugua katikati ya viganja, akaijaribu kwenye kipande cha boksi. Ikakwaruza tu. Baridi ya mle ndani haikupatana na kalamu za wino. Zile nene za kuandikia maboksi ziliandika vizuri, lakini wino wake ulitambaa kwenye kadi, mstari ukameza mstari. Zilibaki penseli za rangi. Alichonga ya kijani kwa wembe, akavuta kiti karibu na droo ya maiti, akainama.

Kuchora alianza miaka miwili nyuma, mikono ilipoanza kumtetemeka kila afikapo nyumbani. Muuguzi mmoja alimshauri achore mistari midogo midogo, ileile, tena na tena, bila kufikiria anachora nini. Alicheka. Siku moja akachora, na alipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na mikono imetulia. Tangu hapo kila mapumziko ya mchana alichora magamba, mawimbi, vyumba vya nyuki, vyote kwa kalamu nyeusi. Rangi aliletewa na bintiye, mwalimu wa chekechea.

"Baba, wewe kila kitu chako cheusi na cheupe," alisema, akamwekea mkebe mapajani.

Mkebe ulikaa kabatini bila kufunguliwa, hadi alipoletwa namba kumi na saba.

Alikuwa mwanamume wa makamo, aliyekutwa amekufa kwenye benchi la stendi, hana karatasi wala simu. Siku arobaini na tisa hakuna aliyemwulizia. Ijumaa manispaa ingekuja kumchukua ikamzike. Unyevu ulikuwa umefuta namba kwenye kadi iliyofungwa kidoleni mwa mguu wake, ikabidi iandikwe nyingine. Mhudumu aliandika 17, akaitazama. Mahali pa jina palikuwa peupe, peupe mno. Ndipo alipofungua mkebe.

Ilimchukua mapumziko matatu. Aligundua kwamba kijani kikipita juu ya manjano kinalainika, na kwamba nyekundu ukiikandamiza sana inateleza kama nta na haipokei rangi nyingine. Aliharibu kadi mbili. Kwenye ya tatu magamba yalianzia ukingoni, yakasogea taratibu mpaka yakaizunguka namba.

Alhamisi asubuhi msimamizi alipita kukagua. Aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Nini hii, Bwana Barafu?" Ndivyo walivyomwita pale kazini.

"Kadi, bosi. Namba inasomeka."

"Namba naiona. Lakini hapa si mahali pa kudarizi vitambaa vya meza." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fomu. "Watu wa manispaa wakiiona watasema tunawachezea marehemu."

"Sichezi, bosi."

"Najua huchezi. Ibadilishe."

Mhudumu aliandika kadi nyingine, namba tupu. Alikuwa ameshika mkasi akate uzi wa ile yenye rangi, mlango ukagongwa.

Mlinzi alikuwa amemleta mwanamke mwenye mkoba wa kitambaa, viatu vimejaa vumbi. Hii ilikuwa hospitali yake ya nne. Alikuwa akimtafuta kaka yake. Walikosana, alieleza bila kuulizwa, miaka sita hawakusemezana. Wiki iliyopita jirani ndiye aliyempigia kumwambia kwamba mlango wa kaka yake haujafunguliwa siku nyingi.

"Utamwona uso tu, dada," mhudumu alimwambia. "Hakuna haraka. Kiti kipo hapa."

Akavuta droo, akashusha shuka hadi kidevuni.

Mwanamke hakulia. Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Kisha macho yake yakahangaika, ukutani, sakafuni, mpaka yakatua miguuni.

"Hii nani kaifanya?"

"Mimi. Samahani, nilikuwa naibadilisha."

Alifuata safu moja ya magamba kwa kidole, bila kuigusa kadi. "Ulikaa naye muda gani?"

"Mapumziko matatu ya mchana."

"Mimi hata hayo sikumpa."

Hapo ndipo alipokaa kwenye kiti, akalia. Mhudumu alisimama kando mpaka akamaliza. Hakumwambia anyamaze. Halafu akachukua kadi mpya kabisa.

"Nitajie jina lake. Taratibu tu."

Alitaja majina yote matatu, la mwisho herufi kwa herufi, maana watu walizoea kulikosea. Mhudumu alikwenda kuyaandika koridoni, kwenye joto, kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, akarudi akiipepea kadi. Chini ya majina palibaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

"Na hapa," mwanamke akauliza, "huweki kitu?"

Mhudumu alimkumbuka msimamizi. Akausogeza mkebe mbele ya mgeni wake.

"Alipenda rangi gani?"

Mwanamke alishika ya buluu, akairudisha. Akashika ya udongo, akaigeuza vidoleni.

"Sijui," akasema. "Nadhani... Subiri kidogo."

Nyayo za msimamizi zilikuja koridoni, zikasimama mlangoni. Mlango haukufunguliwa. Mwanamke bado alikuwa ameinamia penseli, akizipanga upya moja baada ya nyingine, na mhudumu akamsubiri.