Mafundo ya Ercole

Programu ya tamasha ilikuwa imekamilika isipokuwa nafasi moja pale katikati, ya luti, ala ya nyuzi kama gitaa, peke yake. Bibi Tullia, kiongozi wa kikundi chetu hapa Ferrara, alitaka fantasia ya kromatiki, ule muziki unaoshuka nusu sauti kwa nusu sauti mpaka moyo unabana. Tena niipige kwa luti ya kaka yangu Ercole, aliyetufia majira ya baridi.

"Mimi nitapiga dansi," nikamwambia. "Mbili tatu, watu wafurahi."

"Dansi kwenye kumbukumbu ya marehemu? Una wazimu, Ginevra?"

Wazimu sikuwa nao. Shingo ya luti hufungwa vikamba vya utumbo wa kondoo, na vidole hubana nyuzi hapo kupata sauti. Vya Ercole vilikuwa vimelika. Dansi zingevumilia. Kromatiki haina huruma, inapita kwenye kila kikamba, na kilicholika hukoroma. Ingebidi nivikate vyote, nifunge vipya. Na Mama alikwisha kusema: mafundo yale aliyafunga mwanawe, asiyaguse mtu. Kila asubuhi huifuta luti ile vumbi na kuyapapasa, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

Jumapili nikaijaribu fantasia sebuleni, nikidhani Mama yuko jikoni akikanda unga wa tambi zake za boga. Ikakoroma tangu mwanzo. Nikarudia, wapi. Nikaishia kulia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumkasirikia Ercole, kufa akaniachia mimi haya yote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Ndiyo ile aliyokuwa akiipiga?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya kwake haikuwa na mafua hayo."

"Vikamba vimekwisha."

Mama akajifuta unga. "Angekuwepo angetutukana sote wawili." Akaenda, akarudi na mkasi wa jikoni. "Haya, kata. Mimi sitazami."

Lakini alitazama, mpaka cha mwisho.

Nikafunga vipya, nikachoma ncha zake kwa kibiriti. Mama akaisogelea luti, akapapasa shingo juu hadi chini, kisha akarudia.

"Mbona mafundo ni yaleyale?"

"Si ndiye aliyenifundisha kufunga, Mama."

Hapo akakaa chini akalia, mara ya kwanza tangu mazikoni. Jioni nikampigia simu Bibi Tullia, nikamwambia aandike fantasia kwenye programu.