Mamlaka ya Kunyamaza

Asubuhi ya mkutano nilimeza chai kama dawa. Mimi ndiye katibu wa umoja wa asasi za kiraia za upande wetu, na siku hiyo tulikuwa tunatoa maoni juu ya rasimu ya sheria ndogo ya halmashauri. Ukiivua maneno ya kisheria, rasimu ilisema sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wasihukumu mtu tena. Mashauri yote yapelekwe halmashauri. Sisi tulishakubaliana kupinga. Miaka yote tumehubiri madaraka yashuke kwa wananchi, halafu leo yapandishwe tena mpaka ofisini kwa Kristofa? Huyo ni mwanasheria wa halmashauri, kijana wa tai nyembamba. Ukimweleza shida anakuuliza umefuata utaratibu gani.

Maoni niliyaandika mwenyewe, na nilikuwa nayaamini. Tatizo lilikuwa dada yangu Elina.

Wakati wa masika wezi walivamia zizi kijijini kwetu, na mwano ukapigwa. Yowe la mwano likilia, kila kaya inatoa mtu wa kukimbilia huko, hakuna cha nimechoka wala naumwa. Kaya ya Elina haikutoa. Dada ni mjane, na saa ile alikuwa amempakata mtoto anayeweweseka kwa malaria. Sungusungu hawakutaka kusikia. Wakamtenga mpaka atoe ng'ombe wa kuliwa na kijiji. Ng'ombe anao wawili tu, wale wa kulimia. Akakataa.

Kutengwa kwetu si mchezo. Huazimwi moto, husagiwi mahindi mashineni, na salamu yako haijibiwi. Atakayeijibu naye anatengwa hivyohivyo. Pamba ya Elina ilipasuka shambani na hakuna aliyekwenda kumsaidia kuvuna. Mimi naishi Bariadi mjini, lakini kijiji ni kilekile changu. Mama yuko huko, na nikifa nitazikwa huko, kama watakubali kunizika. Basi nikawa nampelekea dada unga kwa mkono wa Mashaka, bodaboda wa mjini asiyehusika na mambo yetu, na kumwandikia ujumbe kwenye simu. Ujumbe hauna sauti, nilijiambia. Huo ulikuwa woga, wala sitautafutia jina jingine.

Ukumbini nilikaa mbele pamoja na Maduhu, mwenyekiti wa umoja wetu, ambaye naye ni mtu wa kijiji chetu. Safu ya kwanza alikaa Shigela, mtemi wa sungusungu, na watu aliokuja nao kwenye Hiace. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Leo utusemee, mwanangu," aliniambia. "Hawa wa ofisini wanataka kutunyang'anya kijiji."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisimama, nikakohoa kidogo, na kabla sijafungua mdomo Elina akaingia.

Sikujua kama angekuja. Tangazo lilisema wananchi wote wanakaribishwa, na yeye ni mwananchi. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kilimzunguka mara mbili. Akasimama mlangoni kama tulivyofundishwa na mama, akainama kidogo.

"Mwangaluka," akasalimia.

Kwetu ukisema mwangaluka penye watu, jibu linarudi kabla hujafunga mdomo. Safari hii halikurudi. Watu wa kijiji waliangalia viatu vyao. Wengine ukumbini, wa Meatu na wa kwingineko, walifungua midomo, wakaona wenzao wamenyamaza, nao wakaifunga. Kristofa peke yake ndiye aliyesema, "Karibu mama, jisajili hapo," bila kuinua kichwa.

"Mwangaluka," Elina akarudia. Sasa alikuwa ananiangalia mimi.

Maduhu alinivuta gauni. "Katibu, soma maoni," alininong'oneza. "Ukimjibu umewapa halmashauri ushindi. Na sisi kijijini tutakwendaje?"

Alikuwa na haki kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi. Shigela hakuwa anaangalia chini kama wenzake. Alikuwa ananitazama mdomoni, akisubiri, na bado anatabasamu.

"Mwangaluka, dada yangu," nikasema. "Njoo ukae."

Nilisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Kristofa sasa aliinua kichwa, na furaha ilimjaa usoni.

"Wajumbe, mmeshuhudia wenyewe," akasema. "Ndiyo maana halmashauri inayataka mamlaka haya."

"Usifurahi, mwanasheria," nikamkatiza, na hasira yote niliyomwekea Shigela ikamwangukia yeye. "Dada yangu alikuja ofisini kwako na mtoto mgongoni. Ulimwambia arudi kijijini wakayamalize. Ulikuwa na mamlaka gani siku ile ambayo hukuwa nayo? Au yalikuwa hayajafuata utaratibu?"

Alianza kutafuta kitu mezani ambacho nadhani hakikuwepo.

"Haya, andika maoni," nikaendelea. "Kijiji kibaki na mamlaka ya kupiga mwano na kulinda ng'ombe wake, maana ninyi mkiitwa hamfiki. Lakini mamlaka ya kumnyamazia mtu kisiwe nayo. Wala ninyi msiwe nayo."

"Hayo si maoni ya umoja," Maduhu akasema kwa sauti.

"Basi ni yangu mimi, Justina."

Shigela aliinuka taratibu, akavaa kofia yake. Watu wake wote wakainuka. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa, na yule aliyeniita mwanangu hakunitupia hata jicho. Maduhu aliwafuata. Gari tulilokuja nalo asubuhi lilikuwa lake.

Mchana tulikaa na Elina kwenye kivuli cha duka, nje ya ukumbi, tukila mihogo. Nilijua habari imeshafika kijijini, maana Hiace ina simu nyingi kuliko abiria. Nikampigia mama.

Akapokea.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

Kimya. Nilisikia kuku wake, na kifua chake kile cha miaka mingi kikikoroma. Nikarudia salamu, machozi yananitoka. Hakujibu. Nilisubiri akate, lakini hakukata.

Nikaweka simu katikati yetu, nikabonyeza sauti kubwa. Elina akamsalimia naye, akamwambia mtoto amepona, pamba imebaki kidogo, tunakula mihogo. Tuliongea wawili, mama akisikiliza, mpaka vocha ikaisha.