Tao Mabegani mwa Mpiga Eksirei

Saa nne asubuhi mpiga eksirei alimvika wifi yake aproni ya risasi ya kukinga mionzi, akafunga kamba taratibu, asimbane tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Kazi ya wifi ilikuwa kuwashika wagonjwa wasitikisike. Aproni ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na ufa tumboni, uliozibwa kwa plasta.

"Na wewe, wifi?"

"Mimi nimeshaiva. Mbichi ni huyo."

Kwa miaka kumi na tisa mionzi ilikuwa imemwingia mpiga eksirei, na sasa kila jua lilipolipuka, naye alilipuka. Wagonjwa wa kwenye benchi walishazoea.

Asubuhi hiyo uzi wa mwanga, ambao siku zote ulipinda juu ya kichwa cha mpiga eksirei toka bega hadi bega, ulianza kujisokota. "Toka," alisema. Wifi alikuwa amesimama ukutani, penye kaseti, kile kisanduku bapa cha filamu ya eksirei. Akashika mlango. Mlango ule ni mzito, hauna haraka na mtu.

"Haufunguki."

"Basi rudi ukutani. Shika aproni."

Uzi ukakaza, ukakatika. Kwanza moto ulishuka, ukakimbia pande mbili hadi mabegani. Hapo mabega yakatokota, na mvuke mweupe ukapanda, ukaijaza njia ya uzi toka chini mpaka juu, likawa tao linalong'aa. Lilikaa muda wa kuchemsha chai. Kisha likapoa, likadondoka matone sakafuni.

Mfagizi aliusukuma mlango kwa bega, akaingia na tambara. "Inueni miguu, mama zangu." Akampa wifi kiti kabla ya kuanza kupangusa.

Mpiga eksirei na wifi waliisafisha ile filamu ya ukutani, iliyopigwa na mwanga wa tao, hadi picha ikatokea. Ilikuwa nyeupe pote aproni ilipoziba, isipokuwa mstari mmoja mweusi mwembamba. Ndani yake kilionekana kiganja kidogo, kimekunjwa ngumi.

Msimamizi wa hospitali aliiinua dirishani. "Imetoka safi."

"Huo ni ufa, bwana," alisema mpiga eksirei.

"Aproni tumeshaagiza."

Alisema hivyohivyo wakati wa mimba ya kwanza ya wifi, ile ambayo haikufika. Kisha msimamizi akabandika tangazo mlangoni: tao likiwaka, taa zizimwe, tuokoe umeme.

Mtoto mwenye kikohozi akaletwa. Wifi alibandika plasta mpya kwenye aproni, akamshika mtoto mabega. Mpiga eksirei akasimama ubavuni mwa wifi, akaweka kiganja juu ya ufa, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe.